Mwalimu Aliyerudi Kuwa Mwanafunzi

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana ya usemi huo ni kuwa mkulima wa kweli hujulikana kwa shamba lake, wala si kwa upya wa mpini alioushika. Usemi huo wafaa kukumbukwa siku hizi, ambapo vyombo vipya vya kufundishia vinaingia katika shule za msingi za Afrika ya Mashariki: redio, simu za mkononi, kompyuta, na vishikwambi, yaani zile kompyuta bapa zishikwazo mkononi mfano wa kibao cha kuandikia. Wazazi wengi hufurahi wasikiapo kwamba vyombo hivyo vimefika shuleni. Walakini ni wachache waulizao swali lililo kubwa zaidi: je, mwalimu naye amefundishwa kuvitumia?

Habari ifuatayo ni ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi iliyomo ndani ya kambi ya jeshi nchini Uganda, ya mtoto mmoja wa kike wa darasa la tatu, na ya mama wa mtoto huyo. Majina yao hayatatajwa, kwa kuwa yaliyowapata yangaliweza kumpata mzazi yeyote katika kambi yoyote, iwe ya askari jeshi au ya polisi.

CHAKI NA VIZIBO VYA SODA

Mwalimu huyo alishika chaki kwa mara ya kwanza mwaka wa 1996. Darasa lake la mwanzo lilikuwa na watoto arobaini na wachache. Mwaka uliofuata, 1997, Serikali ya Uganda ilianzisha mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, na katika muda wa mwaka mmoja tu idadi ya watoto walioandikishwa katika shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 3 hadi kupita milioni 5. Lilikuwa jambo jema na la haki. Lakini ukuta wa darasa haukupanuka kwa sababu ya wema wa jambo lenyewe. Mwalimu akajikuta mbele ya watoto mia na zaidi, wenye ubao mmoja na madawati yasiyotosha nusu yao.

Hata hivyo hakukata tamaa. Alikusanya vizibo vya soda katika kantini ya askari, akaviandika herufi na tarakimu kwa rangi nyeupe. Alikata vijiti vya kuhesabia. Alichora picha na ramani juu ya karatasi za manila, akazikunja na kuzihifadhi juu ya dari nyumbani kwake ili panya wasizifikie. Zaidi ya yote, alitegemea kuitikia: mwalimu asoma, darasa zima laitikia kwa sauti moja. Kwa njia hiyo aliweza kulishika darasa kubwa, kama vile sajini anavyoishika kombania nzima kwa amri moja ya kwata.

Ila njia hiyo ilikuwa na kasoro moja, ambayo mwalimu hakuipima uzito wake kwa miaka mingi. Katika gwaride, askari akikosea hatua huonekana papo hapo. Lakini katika sauti za watoto mia na kumi waitikiao pamoja, asiyejua kusoma hasikiki. Sauti za wenzake humbeba kama maji yabebavyo jani.

REDIO MOJA, NYUMBA NNE

Tarehe 20 Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Baadhi ya madarasa yalifunguliwa baadaye kwa zamu, yakafungwa tena mwezi wa Juni 2021, na ilipofika tarehe 10 Januari 2022 ndipo milango ilipofunguliwa kwa watoto wote. Takriban wanafunzi milioni 15 waliguswa na jambo hilo, na hapakuwa na nchi nyingine duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kiasi hicho. Kituo cha Taifa cha Kuendeleza Mitaala kilitayarisha masomo ya kujisomea nyumbani. Masomo yakachapishwa magazetini, yakatangazwa redioni na kuonyeshwa kwenye televisheni.

Katika mstari wa nyumba alimokaa mtoto tunayemsimulia, familia nne zilisikiliza redio moja iliyotundikwa msumarini chini ya upenu. Betri zilipolegea ziliwekwa juani zipate nguvu kidogo. Mwenye redio alipokwenda zamu ya ulinzi usiku, wakati mwingine aliichukua, na somo la asubuhi likapotea. Simu ya mkononi ilikuwapo, lakini ilikuwa ya mama, na haikuwa ya kuchezewa. Baba alikuwa askari wa kulinda amani, na Uganda ilianza kupeleka wanajeshi wake Somalia mwaka wa 2007. Simu hiyo ndiyo ilikuwa uzi pekee uliomuunganisha mama na mumewe wakati wa safari zake. Ni nani angeikabidhi kwa watoto imalize chaji kwa ajili ya hesabu za kujumlisha?

Mwalimu alipita jioni jioni, barakoa usoni, akisimama mbali kidogo na milango, akiwauliza watoto walichokisikia. Hapo alitambua jambo: redio husema, lakini haisikii. Haimwoni aliyesinzia, wala haimjui aliyeitikia bila ya kuelewa.

Si kwamba redio ni chombo kibaya. Nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, masomo ya Kiingereza kwa madarasa ya chini yalifundishwa kwa redio kwa utaratibu uliofikiriwa vizuri. Na huko Zanzibar, tangu mwaka wa 2006, vipindi vya Tucheze Tujifunze viliwafikia watoto wadogo kwa njia hiyo hiyo. Siri ya vipindi hivyo ilikuwa kwamba redio iliuliza swali, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu, ndipo ikaendelea. Na pale pale walipo watoto alikuwapo mtu mzima aliyewaongoza, akatazama nani amejibu na nani amefumba mdomo. Chini ya upenu ule wa kambini, mtu huyo hakuwapo.

SANDUKU LA VISHIKWAMBI

Mwanzoni mwa mwaka wa 2023 wahisani walileta sanduku la vishikwambi ishirini pamoja na chombo cha kuvitia umeme kwa nguvu ya jua. Mwalimu mkuu alitia sahihi, picha zikapigwa, na sanduku likafungiwa katika stoo karibu na mipira. Kisha walimu watatu waliitwa mjini kwa mafunzo ya siku mbili. Mwalimu wetu alikuwa mmoja wao.

Mkufunzi alikuwa kijana hodari, lakini kidole chake kilikwenda mbio kuliko jicho la mwalimu aliyepita umri wa miaka hamsini. Kila mwalimu alipotaka kuuliza, somo lilikuwa limekwisha kuvuka mto. Garini wakati wa kurudi, alijipima akaona kuwa amebaki na mambo mawili tu: kuwasha na kuzima. Na hata hayo hayakukaa. Siku ya kwanza aliyosimama na kishikwambi mbele ya darasa la tatu, alikitafuta kitufe cha kuwashia kwa muda, mpaka kijana mmoja wa dawati la mbele akasema, "Mwalimu, ni hapa." Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, kwa sababu hakuwa na la kufanya. Lakini jioni ile chakula hakikumshuka vizuri.

Kila askari ajua kwamba hakuna kuruta apewaye bunduki asubuhi na kupelekwa vitani jioni. Kwanza hufundishwa kuitaja kwa sehemu zake, kuifungua, kuisafisha, kuiunganisha tena, mara kumi, mara ishirini, hata aweze kufanya hivyo gizani. Ndipo hupewa risasi. Ajabu ni kwamba mwalimu, ambaye amekabidhiwa akili za watoto mia, hupewa chombo kipya kwa mafunzo ya siku mbili na kuambiwa aendelee.

Mwalimu alikuwa na uchaguzi wa aina mbili. Angeweza kusema kuwa vitu hivyo ni vya vijana, akarudi kwenye chaki yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Au angeweza kutafuta mtu wa kumfundisha. Katika kambi ile alikuwapo sajini wa mawasiliano, fundi wa redio za jeshi, ambaye alikuwa amesoma darasani kwa mwalimu huyo huyo mwaka wa 1998. Jioni moja mwalimu alivaa koti lake, akaenda kubisha hodi.

"Sajini, mwanangu," akasema alipokaribishwa, "nimekuja unifundishe. Ila usinifundishe upesi."

Sajini alisimama akampa kiti chake. "Mwalimu," akajibu, "wewe ulinifundisha kuandika jina langu kwa muhula mzima. Nitakuwaje na haraka nawe?"

Basi wakaanza, kila jioni kwa muda wa majuma mawili, na sajini akamfundisha kama anavyofundishwa kuruta. Taja sehemu. Washa. Zima. Fungua kitabu. Funga. Nasa sauti. Isikilize. Ifute. Rudia. Mwalimu aliandika kila hatua kwa penseli katika daftari la watoto lenye mistari, kwa maneno yake mwenyewe: "Bonyeza kitufe cha pembeni, hesabu hadi tano, mwanga utatoka." Usiku wa mwisho sajini alimwambia afumbe macho na kukiwasha kishikwambi kwa kupapasa. Akafaulu. Wote wawili walicheka, na safari hii kicheko hakikuuma.

SOMO LA KWANZA LAHARIBIKA

Pamoja na hayo, somo la kwanza liliharibika. Watoto walikuwa mia na kumi, vyombo vilikuwa ishirini. Kila kimoja kikazungukwa na watoto watano au sita. Wenye nguvu ya mikono walikishika, wenye nguvu ya sauti wakaamuru, na wanyonge wakatazama migongo ya wenzao. Kabla ya nusu saa, vyombo saba vilikuwa vimezimika, kwa kuwa usiku uliotangulia hakuna aliyekumbuka kuvitia umeme. Mwalimu alivikusanya, akavirudisha stoo, akachukua chaki.

Lau angalijua, angalifarijika kwamba kosa hilo lilikwisha kufanywa na mataifa mazima. Nchi ya Peru, katika Amerika ya Kusini, iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa watoto wa shule. Na uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2012 haukuona kwamba watoto waliozipata waliwazidi wenzao katika hesabu wala katika kusoma. Rwanda nayo ilianza mwaka wa 2008, ikagawa zaidi ya kompyuta 200,000 za namna hiyo, ikajifunza njiani kwamba umeme, matengenezo na mafunzo ya walimu ni kazi kubwa kuliko kununua vyombo. Kenya iliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka wa 2013, nao ugawaji wa vishikwambi ulipoanza mwaka wa 2016 shule nyingi za vijijini zilikuwa zimelazimika kwanza kuunganishiwa umeme. Vyombo zaidi ya milioni 1 viligawiwa.

Lililo la kufundisha zaidi lilitokea Kisumu, nchini Kenya. Watafiti walilinganisha njia tatu: kuwapa vyombo washauri wanaozunguka shuleni kuwasaidia walimu, kuwapa walimu wenyewe, au kuwapa wanafunzi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2016 yalionyesha kwamba njia hizo hazikupishana sana katika kuwafanya watoto wasome vizuri zaidi, lakini ile ya kumpa chombo mshauri wa mwalimu ndiyo iliyokuwa na manufaa makubwa kwa gharama ndogo. Nalo shirika la UNESCO, katika taarifa yake ya mwaka wa 2023 iliyohusu vyombo vya kisasa katika elimu, lilisisitiza kwamba vyombo hivyo viwe vya kumsaidia mwalimu, wala visichukue nafasi yake. Mpini mpya ni mzuri, lakini haulimi pasipo mkono.

SIKIO LA PILI

Mwalimu hakuyasoma hayo. Aliyafikia kwa njia yake mwenyewe, akiwa amekaa juu ya sanduku ndani ya stoo. Alijiuliza: katika kazi yangu, ni kitu gani nisichoweza kukifanya kwa mikono yangu miwili? Kuandika ubaoni aliweza. Kueleza aliweza. Kuchora aliweza. Jambo alilolishindwa tangu mwaka wa 1997 lilikuwa moja: kumsikiliza kila mtoto akisoma peke yake.

Akapanga upya. Watoto watano watano walikwenda chini ya mwembe, kila mmoja na kishikwambi chake, huku waliosalia wakifanya hesabu darasani kwa vizibo vya soda. Chini ya mwembe kila mtoto alitaja jina lake, akasoma ukurasa mmoja wa hadithi ya Kiswahili kwa muda wa dakika moja, na chombo kikainasa sauti yake. Kiswahili ndicho kilichochaguliwa, kwa sababu watoto wa kambini hutoka katika makabila mengi na hicho ndicho wanachochezea wote. Tena mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikuwa limeamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Dakika moja kwa watoto mia na kumi ni dakika mia na kumi, muda usiotimia saa mbili. Mwalimu aligawa kazi hiyo katika usiku wa siku tatu, akasikiliza kwa taa ya chemli huku mkewe akichambua maharagwe kando yake.

Usiku wa pili ndipo alipomsikia mtoto yule wa kike. Alisoma vizuri mno. Hakukwama, hakurudia, sauti yake ilipanda na kushuka mahali pake. Mwalimu alikuwa amekwisha kutia alama ya vema alipoona jambo. Kundi la mtoto huyo halikupewa ukurasa ambao darasa lilikuwa likiuitikia juma zima. Lilikuwa limepewa ukurasa mpya. Na katika yote aliyoyasoma, hakuna neno hata moja lililokuwamo katika ukurasa ule.

Mwalimu alirudia kusikiliza mara tatu. Mtoto hakuwa anasoma. Alikuwa anakumbuka.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alimwita peke yake. Hakumwuliza kitu. Aliweka mezani kizibo chenye M na kingine chenye A, akavisogeza vikawa pamoja. Mtoto akavitazama muda mrefu, kisha machozi yakamtoka. Alikuwa darasa la kwanza shule zilipofungwa. Herufi zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kumwingia. Shule zilipofunguliwa alipanda pamoja na rika lake, na tangu hapo alijificha ndani ya sauti za wenzake. Kumbe hakuwa peke yake. Sauti zilizonaswa zilifichua wengine tisa.

BARUA ZA SIMU

Mwalimu alimwita mama wa mtoto huyo, akamweleza kwa upole. Mama mwenyewe alikuwa ameacha shule angali mdogo, wakati wa vita vilivyoitikisa kaskazini mwa nchi, naye aliweza kuandika jina lake na si zaidi. Alisikiliza akiwa ameinama. Kisha aliinua uso, akauliza swali ambalo mwalimu hakulitazamia:

"Mwalimu, kama hasomi, barua za simu za baba yake amekuwa akizisomaje?"

Kwani baba alikuwa tena Somalia mwaka ule. Kupiga simu kutoka huko kulikuwa kwa nadra. Aghalabu alituma maneno ya kuandikwa, na mama alimpa binti yake asome. Binti aliyashika maandishi, akayatazama, akasema yale ambayo moyo wa mtoto uliona yangemfurahisha mama: baba hajambo, baba anawasalimu, baba anatukumbuka. Majuma machache nyuma alikuwa amesema, "Baba anarudi Jumamosi."

Jumamosi ile mama alifagia uwanja, akafua mapazia, akachinja kuku. Alikaa karibu na lango la kambi mpaka baragumu la jioni lilipolia. Hakuja mtu. Majirani waliona. Tangu siku hiyo mama aliamini kwamba mumewe amemdanganya, pengine anaye mwanamke mwingine, na hakumjibu tena ujumbe wowote.

Akatoa simu katika kitambaa alimoifunga, akampa mwalimu. Mwalimu akautafuta ujumbe wa siku ile, akausoma kwa sauti: likizo imeahirishwa, mama asiandae kitu, fedha za ada zimekwisha kutumwa, asalimiwe yeye na watoto. Baada ya huo zilifuata jumbe sita zisizojibiwa, kila moja fupi kuliko iliyotangulia. Wa mwisho ulisema maneno mawili: "Kuna nini?"

Mama alilia, kisha hasira ikampanda, akasimama amfuate mtoto. Mwalimu akamzuia.

"Mama, usimpige," alisema. "Kosa ni letu sisi wakubwa. Mimi nimempa alama za vema kwa sauti isiyokuwa yake. Nawe umempa mtoto mzigo wa mtu mzima. Tumfundishe."

Jioni hiyo mwalimu alimwandikia baba, kwa idhini ya mama, maneno machache ya kweli. Jibu lilirudi usiku ule ule.

ROBO SAA KILA JIONI

Tangu hapo watoto kumi walibaki kila jioni kwa robo saa. Hawakufundishwa na kishikwambi. Walifundishwa na mwalimu, kwa vizibo vile vile vya mwaka wa 1997: M na A, ma, M na A tena, mama. Kiswahili huandikwa kama kitamkwavyo, hivyo mtoto akizishika silabi hufunguliwa mlango mpana. Kazi ya kishikwambi ilikuwa ya Ijumaa. Kila mtoto alinasa sauti yake akisoma ukurasa asiouona kamwe, kisha akaisikiliza huku kidole chake kikifuata maandishi. Mtoto alipojisikia anakosea, alijisahihisha mwenyewe kabla mwalimu hajafungua mdomo. Hapo chombo kililipa gharama yake.

Mama naye alikuja. Mwanzoni alisimama mlangoni na mtoto mchanga mgongoni, kana kwamba anamngoja binti yake tu. Juma la tatu aliketi. Juma la nne aliomba aazimwe vizibo aende navyo nyumbani.

Sajini wa mawasiliano alipewa kazi ya kuangalia umeme wa vyombo kila Alhamisi usiku. Lile daftari la penseli lilipitishwa kwa walimu wengine, likanakiliwa kwa mkono. Hata walimu vijana, waliojua kuzicheza simu zao kwa kasi, walilisoma; maana kujua kukitumia chombo ni jambo moja, na kujua lini kitumiwe darasani ni jambo jingine.

MASHAURI KWA WAZAZI

Mzazi asingoje sanduku la vishikwambi ili ajue kama mtoto wake anasoma. Kwanza, mpe ukurasa ambao hajauona kabla, na ufunike picha. Picha humsaidia asiyesoma kubahatisha. Pili, mwambie asome sentensi kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza. Anayekumbuka tu atashindwa, anayesoma ataweza. Tatu, ikiwa simu ya nyumbani ina uwezo wa kunasa sauti, itumike kwa robo saa mara moja kwa juma, mzazi akiwa karibu, kisha iwekwe mahali pake. Simu anayoachiwa mtoto saa nzima bila ya mtu hugeuka mchezo. Nne, somo likitangazwa redioni, mtu mzima au ndugu mkubwa akae pamoja na watoto, awaulize walichosikia. Tano, mtoto akigunduliwa hajui, asichekwe wala asipigwe. Aliyeficha mwaka mmoja kwa aibu atazidi kuficha kwa hofu.

Na askari walio mbali wakumbuke kwamba maandishi wanayoyatuma huenda yakapitia katika macho ya mtoto. Waandike maneno mafupi, yaliyo wazi, na siku za kurudi wazitaje kwa sauti kila wanapoweza.

KUKU WA PILI

Karibu na mwisho wa mwaka wa 2023 ujumbe uliingia kutoka Somalia. Binti aliusoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kidole, mara ya pili bila ya kidole. Ulisema kwamba likizo imesogezwa mbele tena kwa majuma matatu. Haikuwa habari ya kufurahisha, naye mtoto aliisoma kama ilivyo, sauti yake ikitetemeka. Mama aliichukua simu, akayafuata maneno yale mwenyewe, silabi kwa silabi, hata akafika mwisho.

"Ni kweli," akasema. "Ndivyo ilivyoandikwa."

Siku hiyo hakuna kuku aliyechinjwa, na hakuna aliyekwenda kukaa langoni. Baada ya majuma matatu baba aliteremka garini na begi lake, akamkuta kuku jikoni na binti yake uwanjani. Kabla hajaketi alipewa kitabu, akaambiwa achague ukurasa wowote autakao.

Vyombo vipya vitaendelea kuja, na ni vema vije. Lakini kila kinapofika kimoja, wazazi na wakuu wa shule na waulize kwanza habari za mwalimu atakayekishika: amefundishwa kwa muda gani, na nani, na ni nani atakayekaa naye jioni mpaka aweze kukiwasha kwa kupapasa.